Dada, vile vidonge vya mama usimpe mtoto

Dada yangu,

Habari nimeipata kwa mtu ambaye simtaji, maana nikimtaja hutamwachia hata salamu. Nasikia mtoto, binti yako, ametokwa na vidonda mahali pasipotajwa barazani, mimba imeshakuwa kubwa, na wewe umesema hakuna haja ya kwenda kupanga foleni kwa sababu asaiklovia, ile dawa ya kirusi cha mkanda wa jeshi na cha malengelenge ya siri, iko nyumbani. Iko wapi? Kwenye lile kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, si ndiyo? Ni zile zile nilizotuma kwa basi la usiku kutoka Arua Park huku Kampala, mama alipopatwa na mkanda wa jeshi.

Simu zangu hupokei tangu matanga ya mama. Basi naandika hapa, na wanaosoma wasome. Sidhani ni sisi peke yetu wenye kopo la namna hiyo.

Nianze na dawa yenyewe, kwa kuwa uliitukana mbele za watu. Asaiklovia si sumu. Ilitoka kwenye maabara alikofanya kazi mama mmoja wa Marekani, Gertrude Elion, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na wenzake wawili. Inaingia mwilini ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya, yaani kichocheo, cha kirusi chenyewe. Ndiyo maana huwaka pale palipo na kirusi na seli nzima huziacha karibu zote kwa amani. Haikifukuzi kirusi, kinabaki kwenye mishipa ya fahamu mpaka mtu anakufa. Inakizuia tu kisizaane. Kwa hiyo ni dawa ya kuwahi, na kwa mkanda wa jeshi saa 72 za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Mimi niliwahi. Hilo hata wewe huwezi kulikana.

Nakumbuka ulivyonipigia ukinong'ona kana kwamba majirani wako ndani ya simu. Shangazi alishaanza kusema malengelenge yakizunguka kiuno yakakutana, mtu hafiki Ijumaa. Wengine walikuwa wanapima uzito wa mama kwa macho, maana Uganda tangu UKIMWI wa ile miaka ya themanini mkanda wa jeshi hausemwi kwa sauti. Nikakwambia mama ana zaidi ya miaka sabini, uzee peke yake unatosha kukiamsha kirusi cha tetekuwanga kilicholala tangu utotoni. Ukalia. Na mimi nililia, ila wewe hukusikia, ulikuwa umeshakata.

Mfamasia aliniuliza: mgonjwa ana tatizo la figo? Nikakupigia nikiwa nimesimama pale pale kaunta. Ukasema, "Mama mzima, ni presha tu." Daftari lake la kliniki lilikuwa chini ya mto wako, Dada, si wangu. Nikanunua vidonge 70 vya miligramu 400: viwili viwili, mara tano kwa siku, siku saba. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, anywe na maji mengi.

Ukafanyaje? Ukaona kumwamsha-amsha kunamchosha mzee. Ukampa vitano asubuhi, vitano jioni. Maji ya usiku ukamnyima kwa sababu choo kiko mbali na uani kuna utelezi. Maumivu yalipozidi, ukanunua diklofenaki duka la dawa la pale njiani, na hukuniambia. Mama akaanza kuongea na bibi, ambaye tulimzika sisi tukiwa watoto, na kuvuta nyuzi hewani. Ukamwita shehe. Sikatai dua, na mimi niliomba. Lakini usiku mzima ulipita mnamsomea mtu ambaye hajakojoa tangu mchana, na hakuna aliyeuliza kuhusu mkojo.

Hospitali walipima damu, wakasema figo zilikuwa dhaifu tangu zamani kwa ile presha, na sasa zimelemewa. Asaiklovia hutoka kwa mkojo. Figo zikishindwa, inajaa mwilini na kupanda kichwani. Mwenye figo hizo hupunguziwa kipimo, halali na kiu, na diklofenaki haisogelei. Walisimamisha dawa, wakamtundikia dripu, na siku chache baadaye mama akauliza kuku wake wamelishwa na nani. Alirudi mzima wa akili. Aliishi mwaka na zaidi. Kilichomchukua ni kiharusi, kila mtu anajua ni kiharusi.

Halafu siku ya khitma. Nimeshika sinia la chai, wanawake wamejaa mkekani, shangazi anasifu ulivyomuuguza, na ni haki yako kusifiwa. Ukainua kichwa, hukunitazama, ukasema: "Mimi nilimuogesha. Wengine walituma vidonge vya kumtia wazimu." Hakuna aliyesema neno. Mmoja akavuta kikombe kutoka kwenye sinia langu polepole, kama anayeogopa nitamwaga. Nilizunguka na ile chai mpaka mwisho wa mkeka. Ungenisema jikoni ningekujibu, tungetukanana, tungelala. Ulichagua mkekani.

Ulimuogesha, kweli. Ulifua mashuka ya usaha, ulikosa msimu mzima wa shamba, na pesa niliyotuma haikuwahi kufua shuka. Hilo nalijua na silipunguzi. Ila kuuguza si ushahidi kwamba kosa ni la mwingine.

Sasa mtoto. Vile vidonge vimekaa kwenye joto la Arua tangu mama angali hai. Angalia tarehe iliyo nyuma, kama bado inasomeka. Na lile karatasi langu, kama umelitunza, usilifuate: kipimo kile ni cha mkanda wa jeshi. Malengelenge ya sehemu za siri yakitokea mara ya kwanza, kwa kawaida ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku saba hadi kumi, na kwa mjamzito anayeamua ni mkunga au daktari, si mimi wala wewe.

Tena nani amesema ni malengelenge? Kaswende nayo hutoa kidonda, na hiyo asaiklovia haiigusi kabisa huku mtoto tumboni anaumia. Kliniki ya wajawazito wanapima kaswende na VVU. Aende.

Ikiwa ni malengelenge, dawa ni hiyo hiyo uliyoitukana, na wajawazito wameitumia miaka mingi bila kuonekana kwamba inawadhuru watoto. Hatari iko kwenye kuficha. Kirusi kikimpata mama kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, mwili wake haujawahi kumtengenezea mtoto kinga, na kichanga akikipata njiani wakati wa kuzaliwa anaweza kufa. Kwa hiyo wakunga lazima wajue mapema. Wapo madaktari wanaompa mama vidonge kila siku kuanzia wiki ya 36 ili vidonda visitoke wakati wa uchungu, na vikitoka humpasua. Ndiyo sababu nataka ajifungulie hospitali au kituo cha afya cha daraja la nne, penye chumba cha upasuaji, si kwa yule jirani yako mwenye mikono myepesi.

Asipake majivu, asipake dawa ya meno, asiguse vidonda kisha akafikicha macho. Antibayotiki za rangi mbili usimpe, haziui kirusi.

Na acha kumuuliza amekitoa kwa nani. Mtu anaweza kukaa na kirusi miaka bila kidonda hata kimoja, na mumewe vilevile, na asiye na kidonda huambukiza. Huwezi kujua, na yeye hajui. Unamliza mtoto mwenye mimba kwa swali lisilo na jibu. Mama hakutulea hivyo.

Mpeleke Jumatatu. Vya kwenye kopo wapelekee hospitali hao hao wavitupe. Nauli na pesa ya vipimo nitamtumia kwa namba yake mwenyewe, si yako. Ukikasirika, kasirika.