Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma

YAH: MTIHANI WA VITENDO KWA MWANAFUNZI MWENYE UPUNGUFU WA USIKIVU

Mheshimiwa Profesa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za awali zina mihuri ya masjala, lakini majibu hazina. Cheti cha daktari wa masikio kimeambatanishwa, kipimo cha usikivu kimo. Idara inasema nisubiri ofisi ya wanafunzi, ofisi ya wanafunzi inasema nisubiri idara, na wote wanasema faili liko mezani kwako.

Wiki iliyopita tulifanya oski, mtihani wa vitendo wa kuhama kituo hadi kituo kwa kengele. Kwenye kituo cha moyo nilivua shime sikio, vifaa vyangu vya kusaidia kusikia, maana siwezi kuzivaa pamoja na stetoskopu, nikainama kumsikiliza mgonjwa. Mtahini alikuwa nyuma yangu, barakoa usoni, akauliza swali. Sikujua kama ameuliza. Mgonjwa ndiye aliyenigusa mkono akanionyesha nyuma. Nilipogeuka, wenzangu walikuwa wanahama kituo, kengele ilishalia. Nimeandikiwa "hakujibu".

Mnong'ono wa moyo, ile sauti ya ziada kati ya mapigo, niliusikia, Profesa. Sauti za moyo ni nzito, na masikio yangu yalipoteza zile nyembamba, ndiyo maana s na f za watu zinanipita. Mgonjwa nilimsikia, mtahini ndiye sikumsikia. Leo nina sapu, yaani mtihani wa marudio, na nikianguka tena ni disko, naondolewa chuoni.

Nahisi wapo wanaoamini mtu kama mimi hafai kuwa daktari, ila hawataki kuliandika hilo. Kama ndivyo, liandikwe, nami nitalijibu. Mama aliuza kiwanja ninunuliwe shime sikio hizi. Betri nanunua kwa bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi. Bumu likichelewa navaa upande mmoja tu, nyingine naitunza kwa ajili ya mitihani. Raundi za wodini nasimama karibu na daktari bingwa nimsome midomo, naonekana najipendekeza. Yote hayo nimevumilia.

Siku ya kutupokea mwaka wa kwanza ulisema ukumbini kwamba chini ya uongozi wako hakuna mwenye ulemavu atakayeachwa nyuma. Nilikaa mstari wa mbele, maneno hayo nikayasoma mdomoni mwako.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na sheria yetu wenyewe ni ya 2010. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu na muda wa ziada, tena kwa nchi nzima. Chuo kimoja kinashindwaje?

Naomba maswali yaandikwe. Naomba mtahini akae mbele yangu, avue barakoa au avae yenye dirisha. Naomba niruhusiwe stetoskopu ya kielektroniki. Na kama hayo mengine ni mazito, basi maswali tu yaandikwe. Karatasi na kalamu vipo kila kituo.

Sapu ni mwezi ujao. Naomba nijibiwe kabla ya hapo, kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Udaktari wa Binadamu