Mama Kulwa, mwache mtoto alale

Mama Kulwa mwenzangu,

Mwangaluka! Habari za Nansio, na miguu ya bibi inaendeleaje? Sisi huku Igogo, Mwanza, wazima. Mama Sabina anakusalimu sana. Yale mambo ya kiwanja chake bado, nitakusimulia tukionana.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulisema namdekeza Kulwa hapa kwangu, analala saa nne wakati pacha wake Doto huko kwako anakesha na daftari mpaka majogoo. Baada ya simu ile mtoto alinyamaza, usiku akaanza kujilazimisha kukaa macho. Imeniuma. Mtihani wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani ni Novemba, sasa si wakati wa kumtia hofu.

Hebu nikueleze anavyosoma. Akitoka shule anapumzika, anaosha vyombo, kisha anashika mada moja, tuseme usagaji wa chakula kwenye Baiolojia. Akishaisoma, daftari linapanda juu ya kabati. Anachukua karatasi tupu, anaandika yote anayoyakumbuka, na mchoro anauchora. Ndipo anashusha daftari kuangalia alichoacha, anakizungushia wino mwekundu. Kesho yake anaanza na vile vyekundu. Baada ya siku chache anajiuliza tena, baada ya wiki tena. Mara ya kwanza alilia, maana alidhani mada ameielewa na karatasi ikabaki karibu nyeupe.

Doto najua anajituma, tena sana. Lakini kurudia daftari lile lile usiku kucha kunamfanya aone kila mstari anaujua, kwa kuwa uko mbele ya macho yake. Mwalimu wa Baiolojia wa Kulwa alitueleza kwenye kikao cha wazazi: wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006. Kati ya walioulizwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Kati ya walioulizwa baada ya wiki, waliokuwa wamejipima bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Na Baraza halimuulizi mtoto baada ya dakika 5, Mama Kulwa. Linamuuliza hata ya Kidato cha Kwanza.

Halafu kuna Kiingereza. Mtoto akikariri aya nzima ya Historia bila kuielewa, swali likigeuzwa kidogo tu amekwama. Kulwa namwambia anieleze kwa Kiswahili kwanza, mimi nikipara samaki, ndipo aandike kwa Kiingereza. Mengine ananifundisha kweli! Jumamosi wenzake wanakuja kwa diskasheni, simu zote zinaingia kwenye ndoo, wanaulizana. Hesabu bado zinamsumbua, sikufichi, ila kila siku anakokotoa maswali ya mitihani iliyopita. Tena Baraza huchapisha taarifa za namna watahiniwa walivyojibu, swali kwa swali, na walikosea wapi. Ziko kwenye tovuti yao, bure. Mwambie Doto azitafute.

Na huo usingizi unaouonea uchungu ndio wakati ubongo unapoyashikiza yaliyosomwa mchana. Akikesha, anasoma huku anapoteza. Kwa hiyo nakuomba sana, usimpigie tena usiku kumwamsha. Mpigie jioni, umuulize amejipima nini leo. Atafurahi.

Nina ombi lingine. Niletee Doto likizo, wasome pamoja hapa. Nafasi ipo, chakula hakitakosekana, dagaa wa soko la Mwaloni wapo. Ile hela uliyotaka kutuma ya tuisheni ya usiku, bora iwe nauli yake ya meli na karatasi za kuandikia.

Sasa nijibu. Doto analala saa ngapi hasa? Macho bado yanamuuma? Shule yao imeweka kambi, au likizo watapewa? Baba yao atakubali aje? Na yale madaftari ya Kidato cha Pili ya Kulwa, yako kwenye sanduku lako au yalibaki kwa shangazi? Anayatafuta kwa ajili ya Kemia. Ukiyapata mpe yeyote anayekuja na meli, nitamfuata bandarini.

Wako,
Mama Ester