Barua ya wazi kwa makatekista wa Lindi na Mtwara: msimlazimishe kijana achague kati ya Adamu na mifupa ya Tendaguru

Wanangu na wadogo zangu mnaofundisha dini vigangoni, kuanzia Kilwa hadi Masasi na Newala,

Tumsifu Yesu Kristo.

Vijana wa kipaimara wakifika kidato cha nne huja na swali moja: "Shuleni tunaambiwa mwanadamu ametokana na viumbe vya kale. Hapa tunaambiwa Mungu alimfanya Adamu kwa mavumbi. Nani anadanganya?" Katekista anayejibu "chagua, Biblia au shule" anafunga mlango ambao Kanisa Katoliki lenyewe limeuacha wazi. Kijana habishani naye. Ananyamaza, anapokea kipaimara kuwaridhisha wazazi, kisha haonekani tena jumuiyani. Jambo hili linaniuma, na linatibika.

Sisi wa kusini swali hili hatulikwepi hata tukitaka, maana Tendaguru iko hapa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria. Majembe yalishikwa na watu wetu, na mizigo ilibebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa aliyeungwa kwa mifupa ile amesimama Berlin mpaka leo, kimo zaidi ya mita 13, na miamba alimotoka ina umri wa takribani miaka milioni 150. Mtoto wa hapa ukimwambia dunia ina miaka elfu sita, moyoni anakuuliza habari za mjusi wake.

Kanisa halikufundishi umjibu hivyo. Papa Pius XII aliwaagiza wafafanuzi wa Biblia mwaka 1943 watafute kwanza mwandishi wa kale alitumia mtindo gani wa uandishi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukalisema hilo tena mwaka 1965 katika hati ya Ufunuo, namba 12. Na aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kupanuka kutoka chembe moja ya mwanzo alikuwa padre Mbelgiji, Georges Lemaître.

Sasa darasani. Kipindi cha kwanza msifafanue chochote, someni tu. Bandikeni karatasi ya manila, pigeni mstari katikati. Kushoto andikeni Mwanzo 1:1 hadi nusu ya kwanza ya 2:4; kulia, nusu ya pili ya 2:4 hadi 2:25. Makundi mawili, kila moja lijaze upande wake: Mungu anaitwaje? Mtu anatangulia mimea au anaifuata? Wanyama je? Kushoto watapata "Mungu", mimea siku ya tatu, wanyama na kisha mtu siku ya sita, mwanamume na mwanamke kwa pamoja. Kulia watapata "BWANA Mungu", mtu anafanywa kabla mche wa kondeni haujachipuka, halafu bustani, halafu wanyama, mwisho mwanamke. Waacheni washangae, na msiwe na haraka ya kupatanisha. Aliyeziweka habari mbili hizo pamoja aliiona tofauti na akaiacha. Hakuwa anaandika daftari la matukio kwa saa na tarehe.

Kisha pangeni siku za upande wa kushoto kwa jozi. Ya kwanza nuru, ya nne jua na mwezi. Ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki. Ya tatu nchi kavu, ya sita wanyama na mtu. Siku tatu za kuandaa makao, tatu za kuyatia wakazi. Nuru imetangulia jua kwa siku tatu, na mwandishi yule alijua kama sisi kwamba mchana unaletwa na jua. Tena jua halitaji kwa jina. Anasema "mianga miwili mikubwa" tu, kwa kuwa Babeli waliliabudu jua na mwezi kama miungu. Anavishusha vyote viwe taa, na mwenye taa ni mmoja. Hiyo ndiyo habari ya sura ya kwanza, pamoja na lile neno linalorudi mara saba, kwamba Mungu aliona ni vyema.

Kwa vijana wa Newala na Tandahimba kuna njia nyepesi ya kueleza mtindo wa maandishi. Wamakonde husimulia kiumbe aliyeishi peke yake porini, akachonga umbo la mti, akalisimamisha, asubuhi akakuta mwanamke hai. Walipokaa bondeni karibu na maji watoto wao wawili walikufa. Walipopanda juu uwandani, wa tatu akaishi. Hakuna mzee anayeuliza ule mti ulikuwa mpingo au mninga. Kila asikiaye anaelewa anaambiwa kwa nini Wamakonde wanaishi juu. Lakini hapa muwe waangalifu: msiseme Mwanzo ni ngano kama ngano nyingine. Ni neno lililovuviwa na Mungu, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa (namba 390), inashika kwamba sura ya tatu, ingawa inatumia lugha ya picha, inathibitisha tukio la kweli la mwanzo wa historia ya mtu.

Kipindi cha pili kipeni Mwanzo 2:7 peke yake. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "akamfanya" ndilo la kazi ya mfinyanzi, na jina adamu, yaani mtu, limekaa karibu na adama, ardhi. Leteni bonge la udongo wa kufinyangia, kila kijana alishike, alikande, aone alama za vidole vyake zikibaki. Baadaye someni nusu ya pili: "akampulizia puani pumzi ya uhai". Mtu ni udongo kweli, ndugu wa kila kinachotoka ardhini. Na ni pumzi ya Mungu kweli. Si roho iliyofungiwa ndani ya mwili kama bidhaa gunia. Mwili na roho ni mtu mmoja.

Hapo ndipo jibu la yule wa kidato cha nne lilipo. Mwaka 1950 Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu umetokana na viumbe hai vilivyotangulia, ila akashika kwamba roho ya kila mtu inaumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II akasema nadharia ya mageuzi sasa ni zaidi ya dhana. Kinachokataliwa ni kusema mtu ni mwili basi, kitu kilichojitokeza bila kukusudiwa na yeyote. Juu ya wazazi wa kwanza, Pius XII hakuona jinsi wazo la wazazi wengi, badala ya Adamu na Hawa peke yao, lingepatana na dhambi ya asili, ile tunayoipokea kutoka kwa Adamu. Wanateolojia bado wanalijadili. Nyinyi msilimalize darasani.

Dhambi ya asili ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko yote. Wengine huigeuza kuwa tendo la ndoa, ilhali baraka ya "zaeni, mkaongezeke" imetolewa katika 1:28, kabla ya kosa lolote. Wengine hufundisha kwamba mtu ameoza kabisa. Mkorosho ukipata ugonjwa wa ubwiri unga, maua hupata vumbi jeupe, hukauka, hayabebi. Lakini bado ni mkorosho, haujageuka mwiba. Asili yetu imejeruhiwa, haikuharibika yote. Mfano unakomea hapo, kwa sababu ubwiri huja na upepo kutoka shamba la jirani, wakati Mtaguso wa Trento (1546) unafundisha kwamba dhambi hii hupokewa kwa uzao, si kwa kuigana. Ni hali tunayozaliwa nayo, si kosa tulilotenda. Ubatizo unaifuta, mwelekeo wa kutenda dhambi unabaki, ndiyo maana aliyebatizwa bado anapigana.

Mengine kwa ufupi. Kazi si laana: "ailime na kuitunza" iko 2:15, miiba na jasho vimekuja sura ya tatu. Ubavu: wanaodhani mwanamume amepungukiwa mmoja, waambieni wahesabu, mwanamume ana mbavu 24 na mwanamke 24. Na "msaidizi" wa 2:18 si mtumishi, kwani neno lilo hilo hutumika kwa Mungu katika Zaburi 121. Tunda halikuitwa tofaa popote.

Jirani zetu Waislamu wanamheshimu Nabii Adam, nao hawafundishi dhambi ya kurithi. Kijana aliyesoma dawati moja na mtoto wa Kiislamu atauliza. Elezeni imani yetu vizuri, ya wenzetu kwa heshima, basi.

Jambo la mwisho naomba mlifikishe kwa maparoko. Katika Kesha la Pasaka somo la kwanza ni Mwanzo 1:1 hadi 2:2, na lipo fupi linaloruka kutoka mstari wa kwanza hadi wa 26. Ombeni lisomwe lile refu. Msomaji aliandae wiki nzima, asome taratibu, atue kila afikapo "ikawa jioni ikawa asubuhi", mara zote sita.

Mzee wenu katika Kristo