Si Kila Aliyefyatua Bunduki ni Mdunguaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu nizungumzie mazoea yaliyoenea katika kurasa za habari za kimataifa, zikiwemo zenu, ya kumwita "mdunguaji" kila mtu aliyefyatua bunduki akiwa mbali au akiwa juu ya jengo. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanaisimu, lakini msomaji ndiye anayepotea, kwa sababu hubaki hajui nani alikuwa nani.

Chukueni tukio la Butler, Pennsylvania, la tarehe 13 Julai 2024, ambalo mlilirejea katika makala ya hivi karibuni. Kijana wa miaka 20 alipanda juu ya paa la jengo lililokuwa mita mia moja na kitu kutoka jukwaani, akamjeruhi Donald Trump sikioni na kumuua mmoja wa waliohudhuria mkutano, kisha naye akauawa kwa risasi ya askari wa Secret Service (kikosi kinacholinda marais wa Marekani) aliyekuwa juu ya paa jingine. Makala yenu iliwaita wote wawili wadunguaji, hata ikanibidi nirudi juu kuisoma aya nzima upya ili nielewe ni yupi aliyekufa. Askari yule ni mdunguaji kwa maana kamili ya neno: amechaguliwa, amefunzwa, amekabidhiwa bunduki yenye darubini, na hiyo ndiyo kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Yule kijana alikuwa mshambuliaji mwenye bunduki, basi. Najua wahariri hulikwepa neno "mshambuliaji" kwa kuwa limekwisha kutwaliwa na kurasa za michezo, ila sidhani kama yupo atakayesoma habari ya mauaji akadhani inamhusu mfungaji wa mabao.

"Mlenga shabaha" ni neno pana zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloonewa kuliko yote. Husifu ustadi tu, bila kusema lolote kuhusu vita wala kujificha. Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyetwaa medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ni mlenga shabaha. Bastola yake ni ya upepo, na duara la alama kumi analolilenga kutoka mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Kumwita mtu huyo mdunguaji, kama nilivyopata kuona mahali fulani, ni kumvika sare ambayo mchezo wake haumdai.

Maneno haya mawili hata hivyo yana undugu. Simo Häyhä wa Finland, anayehesabiwa kuwa aliua askari zaidi ya 500 wa Kisovieti katika vita vya majira ya baridi ya 1939 na 1940, tena kwa bunduki isiyo na darubini, alikuwa mkulima na msasi aliyejulikana kwa shabaha yake kabla ya vita hivyo. Lyudmila Pavlichenko, askari mwanamke wa Kisovieti katika Vita vya Pili vya Dunia anayehesabiwa kuwa aliua maadui 309, alijifunza kulenga katika klabu mjini Kyiv akiwa bado kijana. Kwanza walikuwa walenga shabaha, vita vikawafanya wadunguaji. (Nashukuru kwamba kwa Kiswahili Pavlichenko hahitaji neno lake la kike.)

Penye ugumu hasa ni katika kutafsiri habari za kijeshi za Marekani, kwa kuwa huko maneno mawili, "marksman" na "sharpshooter", ambayo sisi huyatafsiri yote "mlenga shabaha hodari", ni majina ya madaraja ya mtihani wa bunduki. Madaraja hayo ni matatu, la chini, la kati na la juu, na hata la chini lina jina lenye sifa. Lee Harvey Oswald, anayetajwa kuwa muuaji wa Rais John F. Kennedy, alipokuwa katika kikosi cha Marines alipata alama 212 mwaka 1956, mbili tu juu ya kiwango cha chini cha daraja la kati. Mwaka 1959 akapata 191, moja tu juu ya alama ya kufaulia daraja la chini. Msomaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba jeshi lilimtambua Oswald kuwa "mlenga shabaha hodari" anapewa picha ya bingwa, ilhali rekodi yenyewe inaonyesha askari aliyefaulu kwa tabu. Mfasiri angeandika tu "alifaulu mtihani wa kulenga shabaha katika daraja la kati, na baadaye la chini", na ukweli ungebaki mahali pake.

Kuhusu "kudungua" na "kutungua", ambayo waandishi wenu huyachanganya hata ndani ya habari moja, mimi sina ugomvi na lolote kati ya hayo mawili linapohusu ndege au kombora lililoangushwa kutoka angani. Naomba tu kwamba chumba chenu cha habari kichague moja na kulishikilia, na kwamba pale ambapo polisi hawajasema lolote kuhusu mafunzo ya mtu aliyefyatua risasi, mwandishi aandike "mtu aliyefyatua risasi", hata kama maneno hayo yatakula nafasi ya kichwa cha habari.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga