Wanangu mnaoandika mifumo, mimi sikufufuka

Wanangu,

Miezi mitatu pensheni haijaingia, nikaenda kwenye uhakiki, binti wa dirishani kaangalia skrini, kaniangalia mimi, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo babu, mfumo unasema umefariki." Marahaba, nikamwambia, marehemu hajambo. Akabonyeza bonyeza, akaniandika yu hai. Wiki mbili baadaye mke wangu kapigiwa simu alete cheti cha kifo afuatilie mafao ya mjane.

Yani waliongeza "yu hai" bila kutoa "amefariki", wala yaliyozaliwa nayo: pensheni isimame, mke ni mjane. Na logiki ya kawaida haina huruma, ukiweka jambo na kinyume chake pamoja unathibitisha chochote, hata kwamba mimi ni shangazi yake yule binti.

Hili la kubadili unachokiamini taarifa mpya ikija lina kanuni zake jamani, tangu 1985, za wataalamu wa logiki Alchourrón, Gärdenfors na Makinson, kwa herufi za majina yao zinaitwa AGM. Alchourrón alikuwa mtu wa sheria wa Argentina, kilichomsumbua ni ukifuta kifungu kimoja, vipi vingine vinabaki. Kuna kuongeza, kuna kutoa, kuna kurekebisha, na kurekebisha ni utoe kwanza kinyume chake NDIO uingize kipya. Na usitoe kuliko inavyohitajika, maana wengine wakisikia futa wanafuta hadi tarehe ya kuzaliwa.

Ila kinachoniuma ni kile walichokitenganisha watafiti Katsuno na Mendelzon mwaka 1991: dunia imebadilika, au tulikosea? Mtu akioa leo dunia imebadilika, jana alikuwa kapera kweli. Mimi sikufufuka, SIKUFA. Mfumo umenichukulia kama nimefufuka siku ile ya dirishani, kwa hiyo ile miezi mitatu nilikuwa maiti, na maiti halina malimbikizo. Ndivyo walivyonijibu, kwa barua yenye muhuri! Na sisi huku kukubali kosa ni mwiko, ofisi iko radhi babu afufuke kuliko iseme ilikosea, halafu nyie mnaliandika hilo kwenye msimbo wa programu.

Mengine mnayajua: wekeni chanzo cha kila taarifa, pangeni ipi ni ngumu kutolewa, na AGM yenyewe inaamini kila kipya kinachoingia, hapo msiifuate kichwa kichwa, kilichoniua mimi kilikuwa kipya pia.

Jumatatu naenda tena, nakwenda na mama yenu, maana yeye rekodi zake zinasema yu hai.