Mbegu za tufaha ulizoniagiza

Shoga yangu wa Lushoto,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako nimeipata, na agizo lako la mbegu za yale matufaha ya uani kwangu nimelisoma. Sikutumii. Kununa ruksa, ila soma mpaka mwisho.

Tufaha lenyewe ni Cox's Orange Pippin, na kwao ni hapa hapa, Colnbrook, pembeni mwa Slough huku Uingereza, ambako siku hizi ndege za Heathrow zinapita juu ya mapaa tangu alfajiri. Karibu mwaka 1825, mzee Richard Cox, mtengeneza bia aliyestaafu (biashara yake usiijali, tunda ni halali), alipanda mbegu, inasemekana za tufaha liitwalo Ribston Pippin, na mche mmojawapo ukatoa maajabu. Alifariki 1845, kabla tunda lake halijajulikana sokoni.

Sasa shika hapa. Mbegu ya tufaha haimrudishi mama yake. Ukizipanda hizi utapata mti, na ukiwa na subira utapata matunda, lakini yatakuwa na tabia zake yenyewe, na mara nyingi ni madogo na makali. Mzee Cox alibahatika. Miti yote ya Cox iliyopo leo imetokana na vikonyo, yaani vijitawi, vya ule mti wake mmoja, vinavyobebeshwa juu ya mashina ya mitufaha mingine kizazi hadi kizazi, kama mnavyobebesha maparachichi huko. Wangu umebebeshwa kwenye shina la mtufaha wa aina iitwayo MM106, linaloudumaza kiasi, ndiyo maana nachuma kwa ngazi fupi tu.

Na kikonyo nacho, hata kama forodha wangekipitisha, kingekuliza. Mti huu lazima upukutishe majani na kulala kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 kwa wiki nyingi, la sivyo machipukizi hayaamki sawasawa. Baridi yenu ya mwezi wa saba ni ya sweta. Huu unataka ile ya kukufanya ujiulize kwa nini ulihama kwenu.

Tena una deko! Haujichavushi wenyewe, wangu unategemea mtufaha wa aina ya James Grieve ulioko kwa bibi jirani, na hisani ya nyuki. Ukungu wa madoa meusi, ubwiri unga, vidonda vya shina, vyote vinaupenda, hasa mvua zikizidi. Matunda yakiwa madogo bado unapaswa kuyapunguza, uache moja au mawili kwenye kila kichala, na moyo unauma kweli. Haishangazi kwamba madukani Gala na Braeburn zimelisukuma pembeni. Lakini hizo Gala za Afrika Kusini unazonunua ukishuka Tanga, ni wajukuu zake: Gala ilitokana na Kidd's Orange Red, na hilo lilipatikana New Zealand kwa kuchanganya Cox na Delicious. Kwa hiyo ukoo umeshauonja, bibi ndiye hujamfikia.

Na bibi ndiye mwenye utamu wote. Gala ni sukari na maji. Cox lina sukari, lina ukali, halafu inafuata harufu ya kama chungwa na karanga zilizokaangwa, inabaki puani hata ukishameza. Kwa sura si mrembo: rangi ya machungwa iliyofifia, michirizi myekundu, na mabaka ya kahawia yenye kukwaruza. Huchumwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Unaliweka kiganjani, unaliinua na kulizungusha kidogo, likigoma, liache. Lililoiva vizuri ukilitikisa unasikia mbegu zinacheza ndani.

Usilile siku hiyo. Nayafunga kwenye karatasi, moja moja, nayapanga bandani mbali na viazi na vitunguu, na baada ya wiki chache ukali umepoa, harufu imekolea. Yakitunzwa hivyo yanafika Krismasi. Waingereza wanalila na jibini na wako sahihi kabisa. Mimi nalikata vipande vyembamba, chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga, kama embe bichi la Tanga. Jirani alionja akacheka, sasa ananidai kila mwaka. Kupika sipiki. Kwa pai wana Bramley, lililo chachu na linalolainika kama uji, na Cox kulitia tanuri naona ni israfu.

Wewe ulizia miche ya tufaha liitwalo Anna kwa wauza miche wa huko milimani. Hiyo haihitaji baridi nyingi. Ukimpata na mwenzake Dorsett Golden, panda karibu karibu, zichavushane. Mvua zikiisha na mavuno yakishatoka, pukutisha majani kwa mkono. Ndivyo mti unavyodanganywa kwamba majira ya baridi yamepita, ukachanua. Nunua iliyobebeshwa, uone kovu la kiungo kwa macho yako, na hilo kovu libaki juu ya udongo unapopanda.

Shemeji akija huku kwenye mkutano wake mwezi wa kumi na moja, apitie kwangu. Nitampa ya kula njiani, asithubutu kuvuka nayo uwanja wa ndege.

Shoga yako wa Slough