Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirefusha. Mafunzo mawili ya mafundi sanifu wa maabara yamefanyika, mwongozo wa kuagiza kemikali umesambazwa (nimeuhariri mwenyewe mara mbili), na Kamati Tendaji imekaa vikao vyake vinne. Wanachama walioandikishwa ni 186, waliolipa ada ya sh. 30,000 ni 71. Mapato sh. 2,130,000, matumizi sh. 1,884,500, bakaa sh. 245,500. Vitabu viko kwa Mhazini, mwenye shaka akavione.

Sasa nije kwenye lile lililotugawa. Mwezi Machi Kamati ilipeleka maoni ya bajeti yenye mapendekezo mawili. La kwanza, fedha ya umma ya kununua LC-MS (mashine ya kutenganisha na kutambua kemikali zilizomo ndani ya sampuli) inunue mashine moja itakayotumiwa na kampasi zetu zote tano za mikoani, badala ya kugawanywa kila kampasi ipate yake. La pili, theluthi ya fedha hiyo isinunue mashine kabisa, ibaki kwa ajili ya umeme, gesi, vipuri na matengenezo. Simu nilizopigiwa wiki ile zilizidi mahudhurio ya mikutano yote ya mwaka.

Nimeambiwa nimeuza haki za kampasi ndogo. Naomba tufanye hesabu kwanza. Sampuli moja ya mabaki ya viuatilifu au ya sumukuvu hukaa kwenye mashine kama dakika 15, yaani sampuli nne kwa saa. Chukua kampasi yenye sampuli 400 kwa mwaka: ni saa 100. Ongeza mara mbili kwa ajili ya viwango vya kulinganishia, sampuli tupu na marudio, zinakuwa saa 200, ambazo ni siku 25 za kazi za saa nane. Kampasi tano ni siku 125. Mashine moja inazimaliza na bado inapumzika nusu ya mwaka. Mashine tano zingekaa bure karibu miezi kumi na moja kila moja, huku pampu zake zikinguruma, kwa sababu LC-MS haizimwi kama feni.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa yote iliyo ndani ya mashine, hufanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika, pampu ya turbo, ile ya mwendo kasi, inapoteza mwendo, hewa inaingia, na mafuta ya pampu ya awali inayoisaidia yanaweza kurudi ndani ya mashine. Umeme ukirudi, unasubiri saa nyingi, mara nyingi hadi kesho yake, ndipo vakyumu itulie. Ukikatika mara tatu kwa wiki, huna mashine. Dawa yake ni UPS (betri ya kushikilia umeme) ya kweli inayobeba mashine pamoja na pampu, na jenereta inayojiwasha yenyewe. Maabara nyingi huchomeka kompyuta peke yake kwenye UPS, kisha zinashangaa.

Gesi nayo. Mashine ya aina hii hula naitrojeni kama lita 20 kwa dakika. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi bar 200 una takriban lita 10,000 za gesi, kwa hiyo unaisha kwa muda wa saa nane na kidogo. Hakuna kampasi ya mkoani itakayosafirisha mtungi kila siku kutoka Dar es Salaam. Lazima ununue jenereta ya naitrojeni, na kompresa yake ipate hewa kavu isiyo na mafuta. Mzabuni wa bei ya chini huviacha vitu hivi nje ya bei yake. Ndiyo maana bei yake ni ya chini.

Suala la theluthi ndilo nililolipigania zaidi, na rasimu ya kipengele hicho ni yangu. Fedha zetu zina mifuko miwili. Mashine hununuliwa kwa fedha za maendeleo, au kwa mradi wa elimu ya juu kama HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Lakini kolamu (mrija wa kutenganishia kemikali), kiyeyushi cha asetonitrili, mafuta ya pampu na nauli ya fundi wa kampuni hutoka kwenye matumizi mengineyo, OC, inayokuja kwa mafungu na kuliwa kwanza na Luku na maji. Ruzuku ya MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, kupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) husaidia, ila inafuata mradi wa utafiti. Mradi ukifungwa, mashine inabaki yatima. Mkataba wa matengenezo kwa kawaida hufika kama asilimia 10 ya bei ya mashine kwa mwaka. Mashine tano maana yake mikataba mitano. Nani kati yenu ana kasma hiyo?

Yapo pia mambo ya zabuni niliyoyaingiza kwenye maoni yale, ambayo wapinzani hawayataji. Udhamini wa mwaka mmoja uanze siku mashine inapokabidhiwa ikiwa inafanya kazi, si siku kreti inaposhushwa bandarini. Kreti hukaa miezi stoo kwa sababu chumba hakina AC, ethi (waya wa ardhini) haijapimwa au mlango ni mwembamba, na udhamini unaisha kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa. Upana wa mlango upimwe kabla ya kutangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Mafunzo yawe ya mafundi sanifu wawili kwa uchache, maana akipata uhamisho mmoja, mashine inahama naye kichwani. Na fedha isiletwe Aprili wakati mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Ikija hivyo, kinachonunuliwa ni kile muuzaji alichonacho stoo.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili. Mwanafunzi wa kampasi ya mbali hataigusa mashine kila siku, na sampuli ikisafiri bila barafu kavu inaweza kuharibika njiani. Kwa hiyo tumependekeza kila kampasi itengewe siku zake kwenye ratiba, mwanafunzi aje na sampuli zake, na kila anayekuja aonyeshwe kwanza kwamba bafa ya fosfeti (kimiminika cha kudhibiti asidi) hairuhusiwi. Chumvi yake haipukiki, inaziba chanzo cha ioni, yaani mlango wa sampuli kuingia kwenye kipimo. Tumia fomiki asidi asilimia 0.1 au amoniamu fometi. Nimelisema hili katika mafunzo yote mawili na bado litasahauliwa.

Inasemwa pia kwamba kampasi iliyopendekezwa kuwekwa mashine ndiyo ninayofanyia kazi. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba ndiyo yenye jenereta ya fezi tatu inayojiwasha. Mwenye kampasi yenye jenereta ya namna hiyo alete taarifa zake kwa maandishi. Niliomba hivyo Machi na sikupata hata ukurasa mmoja.

Barua ya kupinga mapendekezo haya ina saini 14. Kati ya waliosaini, waliolipa ada ni watano. Mkutano wa Agosti ulioitishwa mahususi kwa jambo hili uliahirishwa kwa kukosa akidi: walihitajika 62, walifika 19, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kuulizia vyeti vya mafunzo. Ada ambayo haijalipwa ni sh. 3,450,000. Kwa fedha hiyo tungeweza kuwalipia nauli wajumbe wa kampasi za mbali, hao hao wanaolalamika kwamba hawakusikilizwa.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuendelea kufuatilia maoni yetu, na hali ikiruhusu kuandaa orodha ya vifaa vibovu vya kila kampasi pamoja na sababu za ubovu. Kuna wazo pia la kuomba ada za kupima sampuli zinazolipwa kwa kumbukumbu namba zirudi maabara badala ya kumezwa na akaunti kuu ya chuo. Tutaona. Wenzetu Kenya waliandika katika sheria yao ya 2013 kwamba mfuko wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa. Kuandika ni jambo moja na kutoa ni jingine, ila sisi tusichoke kuomba.

Ada zipokelewe na Mhazini kabla ya kikao cha mchana, risiti zipo.

Naomba kuwasilisha.